Mistari ya Dhahabu Kwenye Tangi la Tarver

Dunedin, New Zealand
9 Januari 1956

Mdogo wangu mpenzi Lemuel,

Pokea salamu za dada yako, wewe na Olive na wote wanaopita mlangoni kwenu. Natumaini kifua chako kimetulia, na kwamba Olive amekuzuia usitoke bila skafu, maana najua ukungu wa Coventry wa mwezi huu na najua ukaidi wako. Mimi sijambo. Magoti yananigomea kwenye ngazi za maktaba, lakini macho yangali yanasoma maandishi madogo, na kwa miaka sitini na sita sioni haki ya kudai zaidi. Huku ni kiangazi. Nakuandikia dirisha likiwa wazi na jirani anakata majani. Nimeishi nchi hii miaka thelathini na minne, tangu mume wangu Alban alipokosa kazi tukapanda meli, na bado kila Januari mwili wangu hujiandaa kwa baridi isiyokuja.

Barua yako ya Desemba imefika salama, pamoja na hotuba yako na nakala ya barua ya Bwana Slade. Hotuba nimeisoma mara mbili nikiwa nimekaa, na mara ya tatu nikiwa nimesimama, kwa sauti, kama utakavyoisoma wewe mbele ya meya. Nililazimika kukaa tena.

Niruhusu niyarudie mambo kama nilivyoyaelewa, nisije nikajibu swali ambalo hukuniuliza. Tarehe 24 Machi mji utafungua ukumbi mpya wa makumbusho, na katikati ya ukumbi itawekwa ile pikipiki ya Tarver iliyopelekwa kwenye maonyesho ya London ya Novemba 1902. Ni ile uliyoikuta kwenye banda la kuku huko Kenilworth, ukaisafisha kwa miaka kumi, kipande kwa kipande, kwa mikono yako mwenyewe. Hakuna nyingine. Kiwanda kiliteketea katika mabomu ya Novemba 1940 pamoja na vitabu vyake vyote, michoro na picha, kwa hiyo chuma kile ndicho kitu cha pekee kinachoweza kusimama na kusema Tarver aliwahi kuwepo. Sasa amekuja Bwana Slade kutoka London, mjuzi wa mashine za kale, akaikagua kwa lenzi siku nzima. Amemwandikia msimamizi wa makumbusho kwamba injini ni yenyewe na fremu ni yenyewe, lakini mistari ya dhahabu kwenye tangi imevutwa na mtu wa mashoto, na kila mtu anajua kwamba mistari ya mashine ile ilivutwa na Josiah Eburne, baba yetu, aliyetumia mkono wa kulia. Kwa hiyo, anasema, tangi limetoka kwingine au limepakwa upya, na pikipiki ni mkusanyiko wa vipande. Usipopata jibu kabla ya Februari kwisha, itaingizwa stoo na pahali pake patawekwa mashine ya watu wengine. Nawe umeniandikia: "Thirza, wewe ndiye mkubwa. Kumbuka chochote."

Nakumbuka. Lakini nisamehe nikianzia mbali kidogo, kwa sababu hotuba yako ina makosa ya tarehe, na pia kwa sababu ninayotaka kukuambia hayawezi kusemwa mlangoni.

Mzee Enoch Tarver alianza kuunda cherehani mwaka 1869, si 1872. Alikuwa fundi saa aliyeona mapema kwamba saa za Uswisi zingetufungia milango. Na usiseme kwamba alibuni baiskeli. Alinunua moja kutoka Paris, ya mbao na chuma, akaifungua yote juu ya meza, akatangaza kwamba Mfaransa aliyeiunda alikuwa na kinyongo na makalio ya binadamu. Kisha akaiunda upya kwa uzito wa nusu. Kwa maoni yangu hiyo ni sifa kubwa kuliko kubuni, na watu wa Coventry wataielewa. Baada ya hapo zikaja zile za gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, zilizowamwaga wanaume wazima barabarani kama magunia ya viazi. Kisha, mwaka 1886, ile ya magurudumu mawili sawa na mnyororo, ambayo hata mchungaji wetu aliipanda, na mwishowe hata mkewe. Mji mzima uliokuwa umekufa njaa baada ya biashara ya utepe wa hariri kuanguka ulisimama tena juu ya magurudumu. Waliokuwa wakifuma utepe walifunga spoki. Waliokuwa wakikata meno ya saa walikata meno ya gia. Unakumbuka kengele ya saa sita mchana? Wanaume elfu moja wakitoka langoni kwa baiskeli kwa wakati mmoja, na bibi wa duka la nyama akikimbia kumshika mbwa wake. Nimeona miji mikubwa tangu wakati ule, lakini sijaona tena mji unaokwenda kula chakula cha mchana kwa fahari namna ile.

Baba aliingia kwa Tarver mwaka 1893, na hapo umepatia. Kabla ya hapo alikuwa Chapelfields, mtaa wa mafundi saa, akichora nambari kwenye nyuso za saa, kazi aliyoianza akiwa na miaka kumi na minne. Kwa Tarver alivuta mistari. Katika hotuba yako hukueleza kazi yenyewe, nawe unapaswa kueleza, kwani vijana wa leo wanadhani rangi hutoka kwenye bomba. Brashi ilikuwa ya nywele za kindi, ndefu kama kidole cha kati. Mvutaji alilaza kidole kidogo kwenye ukingo wa chuma kikawa reli yake, akaivuta brashi kuelekea kifuani kwake, kona hadi kona, bila kuinua. Ilivutwa kwa pumzi moja iliyozuiwa. Ukipumua, mstari nao unapumua. Mahali mwanzo na mwisho vinapokutana panaitwa kiungo, na fundi hukificha kwenye kona ambayo mkono wake unaifikia kwa raha. Ndiyo maana mjuzi kama Slade anaweza kuangalia kiungo akajua mkono.

Wavuta mistari walikuwa kumi na wawili, nao walijiona kama maaskofu. Walikuwa na chama chao, na chama kilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: mwanamke hashiki brashi. Wanawake walipangusa na kufunga mizigo. Baba mwenyewe aliipigia kura sheria ile. Alikuwa katibu. Liweke hilo akilini.

Mwaka 1902 Mzee Tarver aliamua kwamba atatia injini kwenye baiskeli, na kwamba London itaiona mwezi Novemba au yeye atarudi kwenye cherehani. Tangi la petroli, madigadi mawili na kifuniko cha mnyororo vilipakwa rangi nyeusi mara tisa, kisha akaitwa baba avute dhahabu. Baba akamwambia msimamizi wake, Septimus Garlick, kwamba vumbi la kiwandani lingeiharibu dhahabu, na kwamba angevuta nyumbani, kwenye kile chumba cha juu chenye dirisha pana ambamo mafundi saa waliotutangulia walifanya kazi zao. Garlick alikubali. Alijua watu wa saa wana maringo yao.

Nawe ulisaidia, ingawa huwezi kukumbuka. Tangi lilifika na kuondoka ndani ya kigari chako cha kitoto. Mimi nilikubeba njia nzima, nawe ulikuwa na mwaka mmoja na mzito kama nanga, huku mashine ya kwanza ya Tarver ikilala kwenye mto wako na kufunikwa blanketi lako. Mama Hobday wa nyumba ya tatu aliinama kumsalimu mtoto, akashtuka, akasema, "Yesu wangu, Keturah, mwanao amekuwa mweusi na amepoteza masikio!" Mama akamjibu kwamba ni meno yanaota.

Kiwandani Garlick aliliinua tangi kwenye mwanga, akaligeuza, akaligeuza tena. Nilikuwa mlangoni nawe mkononi, nikasikia yote. "Josiah," akasema, "hapa uliingilia wapi? Kiungo kiko upande usio wake. Ulivuta ukiwa umening'inia darini kama popo?" Baba, mkono wake wa kulia mfukoni, akamwambia taratibu kwamba watu wa saa ndivyo wavutavyo, maana saa ina upande wake wa kuzunguka. Chumba kizima kikaangua kicheko. "Watu wa Chapelfields!" akasema Garlick. "Mkipewa jeneza mtalitia mishale ya saa!" Lakini hakuliweka chini. Aliendelea kulitazama, na wale maaskofu wengine wakaja mmoja mmoja wakasimama nyuma yake, na kicheko kikaisha. Mistari ilikuwa miwili, mnene na mwembamba, na kati yake nafasi isiyozidi unene wa kucha, sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, hata pale tangi linapopinda. Mmoja wao alivua kofia, kisha akaona haya akajifanya anajikuna.

London waliiona. Mzee Tarver alirudi na oda nyingi kuliko alizoweza kuunda, na baba akafanywa mkuu wa chumba cha mistari, cheo alichokishika miaka kumi na minane. Hapo hotuba yako inapaa, nami nimefurahi kuisikia ikipaa. Unasema kwamba alikuwa bingwa kiasi kwamba hakuhitaji kugusa brashi, aliwafundisha wengine kwa maneno tu, akipita kati yao mkono wake wa kulia ukiwa kwenye mfuko wa fulana kama mwenye mashamba. Unasema kwamba ni mashine za maonyesho tu, mwaka hadi mwaka, na magari yalipoanza mwaka 1906, milango ya magari ya maonyesho, ndizo alizozivuta mwenyewe, nyumbani, mlango umefungwa. Na unasema, hapa nanakili maneno yako, kwamba "nikiwa mtoto nilikaa chini ya ngazi nikamsikia akisoma gazeti kwa sauti huku mkono wake ukivuta dhahabu bila kutetereka." Hayo yote ni kweli kama ulivyoyaona na kuyasikia. Sijakuta uongo wako hata mmoja humo.

Na siku ile ya Machi 1920 alipostaafu, wewe ukiwa mwanagenzi wa miaka kumi na tisa, ulikuwa ndani na mimi nilikuwa nje. Ninyi mlimgongea kama desturi ya viwanda vyetu ilivyo, kila nyundo kwenye kila meza, kila spana kwenye kila bomba, mpaka anatoka langoni. Sisi nje tulihisi ardhi ikitetemeka chini ya viatu. Umeandika kwamba alipofika langoni aligeuka, akavua kofia kwa mkono wa kushoto, akakiinamia kiwanda. Hapo ndipo ulipokosea, Lemuel, na si kosa lako, ulikuwa nyuma yake. Hakugeuka. Aliinama akielekea barabarani. Mama alikuwa amesimama pale kando yangu, amevaa ile kofia yake ya kanisani, na mlio wa nyundo zote za Tarver unatoka nyuma ya baba na kumfikia yeye. Baba alimwinamia mpaka nikaona upara wake. Mama akamwambia, "Vaa kofia, utapata mafua." Wakaenda nyumbani.

Sasa nafika.

Bwana Slade anasema kweli. Mistari ile imevutwa na mtu wa mashoto. Tangi ni lile lile lililolala kwenye kigari chako, na aliyevuta ni mama.

Tafadhali usiikunje barua. Endelea kusoma.

Oktoba ya 1902, wiki tatu kabla ya maonyesho, kiganja cha kulia cha baba kilianguka. Siwezi kukieleza vizuri zaidi ya hivyo. Alikuwa akiinua mkono, na kiganja kinabaki kimening'inia kama glavu iliyolowa. Daktari alisema ni sumu ya madini ya risasi iliyomo ndani ya rangi, iliyomwingia kidogo kidogo tangu alipokuwa mtoto wa Chapelfields akichonga ncha ya brashi kwa midomo. Alirudi nyumbani kabla ya kengele, akakaa kwenye ngazi bila kuvua koti. Mama alimuuliza amekuwaje. Akasema, "Mkono umekufa, Keturah." Mfukoni hakukuwa na maringo yoyote, mdogo wangu. Kulikuwa na mkono uliokufa, uliofichwa humo tangu siku ile hadi mlipomzika mwaka 1924.

Wewe hukumjua mama kuwa mashoto kwa sababu hakuna aliyemjua. Alizaliwa Hillfields katika nyumba ya wafuma utepe, na kule juu kwenye kitanda cha kufumia cha babu mkono wake wa kushoto ulikuwa hazina, maana aliunga nyuzi zilizokatika upande ambao wengine hawakuufikia. Lakini shule ya kanisa iliufunga mkono ule mgongoni kwa utepe, utepe wa babu mwenyewe, mpaka akajifunza kuuonea haya. Mbele za watu alishika kijiko, kalamu na sindano kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki wa siri.

Alichukua brashi ya baba na sinia lile jeusi la chai, akaligeuza. Alikuwa amemwona baba akifanya kazi kwa miaka kumi na minne. Alijua kila kitu isipokuwa kukifanya. Akajaribu kwa mkono wa kulia, na mstari ukatoka kama njia ya konokono. Akaniambia nifunge mlango. Kisha akautazama mlango uliofungwa kama mtu anayetaka kuiba, akahamisha brashi mkono wa pili, akavuta.

Baba aliutazama mstari ule kwa muda mrefu sana. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri, "Nilipiga kura, Keturah." Mama akamjibu, "Basi ikamwambie Tarver hiyo kura yako, ije ivute." Nilicheka, na baba akacheka, na ndipo akalia.

Walifanya kazi kwa siku tisa kwenye sinia, na asubuhi tatu kwenye tangi. Baba alichanganya rangi kwa mkono wa kushoto, alipunguza nywele za brashi, alimwambia wapi akaze mkono na wapi aulegeze. Lakini mama alikuwa na kasoro moja: akizuia pumzi, aliogopa, na akiogopa mkono ulikuwa mgumu. Siku ya nne akamwambia baba achukue gazeti asome. Baba akauliza asome nini. Mama akasema chochote, hata bei za ng'ombe. Basi akasoma bei za ng'ombe, na ratiba za treni, na matangazo ya vifo, na mama akavuta. "Polepole, Josiah," nilimsikia akisema, "mkono unafuata sauti."

Wewe umefanya kazi kwenye viwanda vya magari miaka thelathini na mitano. Umewaona wavuta mistari kwa macho yako. Niambie, umewahi kumwona hata mmoja anayevuta huku anazungumza? Basi uliyemsikia akisoma gazeti nyuma ya mlango ule hakuwa anavuta. Umekuwa na ushahidi masikioni tangu ukiwa na miaka mitano, nawe umeuandika katika hotuba yako kwa mkono wako.

Baba aliniapisha nisiseme. Alijua chama kingemfukuza, na kwamba wangemcheka mama barabarani kabla ya kumcheka yeye. Nilikubali, na kwa hilo sijilaumu. Linalonilaza macho ni jingine.

Mwaka 1912 kiwanda kilitaka kijitabu cha ukumbusho, nacho kilitoka bila jina la mwandishi. Mwandishi nilikuwa mimi. Mzee Tarver aliniomba kwa sababu nilikuwa mwalimu na niliweza kupanga sentensi. Ningeweza kuandika kwamba mistari ya Tarver ni mizuri, nikaishia hapo. Nisingekuwa nimevunja kiapo wala kusema uongo. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilipenda sentensi inayolia. Nikaandika: "Katika mkono wa kulia wa Josiah Eburne ndimo fahari ya Tarver inamokaa." Sentensi hiyo unaitumia wewe kufungulia hotuba. Sentensi hiyo ndiyo Bwana Slade ameinukuu kama ushahidi kwamba mashine yako ni ya bandia. Haikutoka kiwandani wala kwa baba. Ni yangu.

Na nilimsomea mama. Aliniomba nimsomee kijitabu chote jikoni, akiwa anakanda, na nilipofika kwenye sentensi ile niliinua macho, kwa sababu nilitaka, Mungu anisamehe, kuona kama amependezwa na uandishi wangu. Mikono yake iliacha kukanda. Akautazama ule wa kushoto, umejaa unga. Kisha akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu. Niondolee hilo bakuli." Aliishi miaka ishirini na mitano zaidi, na hakuitaja tena hata mara moja. Mara ngapi nimeshika kalamu hapa Dunedin kumwandikia kuhusu siku ile, na kila mara nikaandika kuhusu hali ya hewa.

Sasa uamuzi ni wako. Ukinyamaza, baba atabaki bingwa katika hotuba isiyokuwa na mashine ya kuielekea. Ukisema, mashine itasimama katikati ya ukumbi, na watu watajua mfuko wa baba ulikuwa na nini. Najua nakuomba ubomoe sanamu uliyoijenga miaka hamsini. Lakini nakuuliza hivi: mtu aliyeipigia kura sheria, kisha akaketi kwenye kiti kumsomea mkewe bei za ng'ombe ili mkono wake usiogope, miaka kumi na miwili mfululizo mpaka vita vilipokomesha maonyesho, je, huyo ni baba mdogo kuliko wa kwenye hotuba yako? Mimi namwona mkubwa zaidi. Nilikuwa na fahari naye langoni mwaka 1920 kwa sababu nilijua.

Slade atataka kitu cha kushika mkononi, si kumbukumbu za kikongwe wa New Zealand. Nenda jikoni. Uliniandikia kwamba sinia la mama lilisalimika mwaka 1940 na kwamba Olive bado analitumia Jumapili. Mwombe alipindue. Unakumbuka tulivyokatazwa kusugua chini yake? Chini ya moshi na mafuta utakuta mistari, mmoja juu ya mwingine. Wa kwanza ni ule wa konokono. Kuanzia wa pili ni mkono wa kushoto wa mama, akijaribu brashi kabla ya kila maonyesho, kiungo chake kikiwa kila mara kwenye kona ile ile aliyoiona Bwana Slade kwenye tangi. Na kando ya kila mstari kuna mwaka, umeandikwa kwa penseli, kwa mwandiko mbovu wa mtu aliyejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto ukubwani. Huo ni mkono wa baba. Alitaka iandikwe mahali fulani, Lemuel. Aliiandika chini ya chai yetu.

Kama utakubali, waombe wabadilishe kibao. Kisiseme mengi. Nimejaribu maneno haya, nawe una ruhusa ya kuyarekebisha, maana umeona nikiachiwa sentensi huwa nafanya nini: "Mistari imevutwa na Keturah Eburne, kwa mkono wa kushoto, huku Josiah Eburne akimsomea."

Nisalimie Olive sana, umwambie asiogope kulisugua sinia polepole kwa kitambaa laini na mafuta kidogo. Wasalimie wazee wowote wa Tarver watakaokuja tarehe 24, kama wamebaki wa kuja. Mwana wa Mama Hobday akiwepo, mwambie yule mtoto asiye na masikio yuko katikati ya ukumbi. Jitunze kifua. Niandikie hata kama umekasirika; barua ya hasira kutoka kwako itanifaa kuliko kimya.

Utakuwa umeona kwamba mwandiko wangu leo umelala upande mwingine, na kwamba wino umepakaa karatasi yote mkono ulipopita. Usidhani ni uzee. Nilikuwa na utepe wangu shuleni, kama mama. Barua hii nimeiandika yote kwa mkono niliozaliwa nao, na nimechukua siku nne, na sijaona haya hata mara moja.

Dada yako akupendaye,
Thirza